KIJIDUDU CHA MATOPENI NA JINA LAKE



Ukishuka bondeni Sironga, chini ya mashamba ambako maji hutuama, simama ukingoni mwa mtaro ukatazame. Mara nyingi utaona juu ya maji utando mwembamba wenye rangi ya kutu, unaometameta kama mafuta ya taa. Wengi hudhani kuna mtu amemwaga mafuta huko juu. Chukua kijiti uuguse utando huo. Ukiachana kisha ukaungana tena mara moja, ni mafuta. Lakini ukivunjika vipande vipande kama kioo chembamba, na vipande vikabaki mbalimbali, basi si mafuta. Hiyo ni kazi ya vijidudu vinavyoishi kwa kutumia chuma kilichomo majini.

Sasa chomeka kijiti chako ndani ya tope. Vipovu vitapanda juu, na pengine utasikia harufu ya yai viza. Hiyo nayo ni kazi ya vijidudu, lakini si vile vya kwanza. Hivi ni vya jamii nyingine, vinavyokaa pasipo hewa.

Basi umekwisha kufanya kazi ya kwanza ya mtaalamu wa vijidudu. Umetofautisha kitu na kitu kwa kukijaribu, wala hukukisia kwa macho tu. Katika makala haya tutakueleza jinsi kazi hiyo inavyoendelea mpaka kijidudu kisichojulikana kipate jina, na kwa nini jambo hilo linahusu migomba yako, maharagwe yako na viazi vyako.

VIJIDUDU HIVI NI NINI?

Wataalamu huviita bakteria. Ni vidogo mno. Ukipanga elfu moja katika msururu mmoja, huenda urefu wake usizidi milimita moja au mbili. Katika kijiko kimoja cha udongo wa shamba mna mamilioni mengi. Vingi havina madhara, na vingine ni vibarua wako usiowalipa. Vichache ni wezi. Mpaka sasa aina zilizopewa majina rasmi duniani ni zaidi ya 20,000, nazo ni sehemu ndogo tu ya vilivyopo.

Huenda utauliza, "Majina yanifaa nini mimi? Ninataka ndizi, maharagwe na maziwa." Swali lako ni zuri. Lakini fikiri: ng'ombe wako akiugua, daktari wa mifugo hamchomi sindano kabla hajajua ugonjwa. Dawa ya ugonjwa mmoja si dawa ya mwingine. Mtu asiyejua jina la adui yake hupoteza fedha kwa dawa isiyofaa, na adui anaendelea kula shamba.

TOPE LA ZIWA BOGORIA

Tuchukue mfano wa kweli wa hapa kwetu Kenya. Katika Kaunti ya Baringo, ndani ya Bonde la Ufa, liko Ziwa Bogoria. Zamani Wazungu waliliita Hannington. Chemchemi za maji ya moto hufoka ukingoni mwake, na heroe, wale ndege wa rangi ya waridi wenye shingo ndefu, huja kwa maelfu. Maji yake ni ya magadi makali.

Ukali huo hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH, chenye namba tangu 0 hadi 14. Saba ni katikati. Chini ya 7 ni uchachu, juu ya 7 ni ugadi. Chai yako hupenda udongo wa 4.5 hadi 5.5. Maji ya Bogoria hufikia kama 10. Tena kila namba moja ni mara kumi ya ile iliyotangulia. Kwa hiyo kutoka 5 ya shamba la chai mpaka 10 ya Bogoria ni tofauti ya mara laki moja. Ungedhani katika tope la namna ile hakuwezi kuishi kitu.

Lakini mnaishi vitu vingi. Mwaka 1997 wataalamu walitangaza kijidudu kipya kutoka udongo wa magadi wa ziwa hilo, wakakiita Bogoriella caseilytica. Kilikuwa kigeni hata ikabidi kianzishiwe ukoo wake chenyewe, wenye jina la ziwa. Neno la pili lina maana ya kiyeyushaji cha kaseini, yaani ile protini ya maziwa inayoganda.

Kisha mwaka 2005 wataalamu B. E. Jones, W. D. Grant na wenzao wanne walitangaza kingine. Hiki kilitoka katika tope la ukingoni mwa ziwa, penye maji ya kina kifupi. Kwanza kiliitwa kwa namba tu, 69B4, kama ng'ombe wa mnadani apigwavyo namba kabla hajapewa jina na mwenye boma. Natuone jinsi kijidudu cha namna hii kinavyotoka kwenye namba mpaka kwenye jina.

KWANZA, KUKITENGA

Tope moja lina vijidudu vya kila namna, kama gunia la mbegu zilizochanganyika. Huwezi kuijua mbegu moja mpaka umeitoa ukaipanda peke yake. Vijidudu navyo hupandwa, lakini shamba lake ni sahani ndogo yenye kifuniko, na udongo wake ni uji mzito ulioganda, uliotiwa chakula. Kwa vijidudu vya Bogoria uji huo hutiwa magadi, maana katika uji wa kawaida vingekufa, kama chai ingavyokufa huko kwao.

Uji huo una habari yake. Zamani katika chumba cha kazi cha Robert Koch, huko Berlin, walitumia gelatini itokanayo na mifupa na ngozi. Kukiwa na joto iliyeyuka, na vijidudu vingine viliila. Mwaka 1881 mama mmoja, Fanny Hesse, aliyekuwa akimsaidia mumewe Walther katika kazi hiyo, akatoa shauri lililotoka jikoni kwake. Yeye aligandisha vyakula vyake vitamu kwa agari, kitu kitokacho katika mwani wa baharini, nayo haikuyeyuka kwa joto la mchana. Alikuwa amejifunza kwa rafiki aliyewahi kukaa Java. Wakajaribu, ikafaa. Hata leo, zaidi ya miaka 140 baadaye, agari ndiyo inayotumika duniani kote. Koch mwenyewe ndiye aliyekuja mwaka 1906 mpaka visiwa vya Sese katika Ziwa Victoria kuchunguza malale.

Mtaalamu huchovya waya safi katika tope lililochanganywa na maji, akachora mistari juu ya agari. Mstari wa kwanza huacha vijidudu vingi, wa pili vichache, wa mwisho kimoja kimoja. Kila kimoja huzaa mpaka pakawa na doa linaloonekana kwa macho. Doa hilo ni watoto wa mama mmoja. Huchukuliwa, likapandwa tena katika sahani nyingine, tena na tena, mpaka pasiwe na mgeni ndani yake.

PILI, RANGI, UMBO NA CHAKULA

Sasa kijidudu kiko peke yake. Hutiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini. Njia hii ilivumbuliwa na Mdenmaki mmoja, Hans Christian Gram, mwaka 1884. Vijidudu hutiwa rangi ya zambarau, kisha huoshwa kwa spiriti, kisha hutiwa rangi nyekundu. Vyenye ukuta mnene hushika zambarau. Vyenye ukuta mwembamba huoshwa vikawa vya waridi. Kwa njia hiyo moja vijidudu vingi hugawanyika makundi mawili, kama mtu agawavyo mifugo kuwa ng'ombe upande huu na mbuzi upande ule. Kile cha Bogoria kilionekana kuwa cha kundi la zambarau, na umbo lake ni la kijiti.

Baada ya hapo kinaulizwa maswali mengi. Unakula nini? Unapenda joto gani? Chumvi waivumilia? Waweza kuishi bila hewa? Maswali haya huulizwa kwa kukipanda katika sahani nyingi, kila moja na hali yake. Kijidudu chetu kilijibu kwamba hustawi zaidi kwenye pH ya 9 hadi 10, huvumilia chumvi kidogo, na huweza kuishi penye hewa na hata pasipo hewa kabisa. Hilo lafaa sana kwa mkazi wa tope, maana juu ya tope kuna hewa na chini hakuna. Wataalamu walipima pia mafuta yaliyo mwilini mwake na vitu vilivyojenga ukuta wake.

TATU, KUSOMA UKOO

Kwa Abagusii mtu hajulikani kwa sura yake tu. Huulizwa ni wa mlango gani, na babu yake ni nani. Watu wawili waweza kufanana kwa sura na wasiwe na udugu. Vijidudu nao ndivyo walivyo. Vijiti viwili vyaweza kufanana kabisa chini ya hadubini na kumbe koo zao ziliachana zamani mno.

Tangu miaka ya 1970, hasa kwa kazi ya Mmarekani Carl Woese, wataalamu wanasoma ukoo wa vijidudu katika urithi wao, yaani DNA. Kuna kipande kimoja cha urithi ambacho kila kijidudu kinacho, chenye urefu wa kama herufi 1,500. Kipande hicho hubadilika polepole sana kizazi baada ya kizazi. Ukilinganisha vipande vya vijidudu viwili, herufi zikitofautiana chache ni ndugu wa karibu. Zikitofautiana nyingi ni ndugu wa mbali.

Kile cha Bogoria kilipolinganishwa na vijidudu vilivyokwisha kujulikana, kilionekana ni wa ukoo wa Cellulomonas, unaojulikana kwa kula selulosi, ile nguvu ya mabua na majani makavu. Jamaa yake wa karibu zaidi alikuwa Cellulomonas cellasea. Lakini hata huyo hakufanana naye kwa zaidi ya asilimia 97.5, yaani walitofautiana kwa herufi kama 37 au zaidi. Tofauti hiyo, pamoja na majibu ya majaribio mengine, ilitosha kusema kwamba hii ni aina mpya. Siku hizi wataalamu husoma urithi wote mzima, si kipande kimoja tu.

NNE, KUPEWA JINA

Jina halitolewi ovyo. Kuna kanuni za dunia nzima. Jina huwa la maneno mawili: la kwanza ni la ukoo, la pili ni la aina yenyewe. Basi namba 69B4 ikawa Cellulomonas bogoriensis, maana yake Cellulomonas wa Bogoria. Habari zake huandikwa katika gazeti la wataalamu ili kila mtu azisome na kuzijaribu.

Tena kanuni zataka kijidudu chenyewe kiwekwe hai katika ghala mbili zilizo katika nchi mbili mbalimbali. Hiki kimewekwa Ujerumani kwa namba DSM 16987 na Ufaransa kwa namba CIP 108683. Ni kama kuweka mbegu ya akiba katika maghala mawili. Moja likiungua, mbegu haipotei. Jambo hili lina maana, kwa sababu tangu miaka ya 2010 maji ya Ziwa Bogoria yamepanda na kufunika sehemu za ukingo wake wa zamani.

TOPE NI MALI YA NANI?

Usidhani vijidudu hivi ni vya kutazamwa tu. Maji ya sabuni ni ya magadi, na vijidudu vinavyoishi katika magadi hutengeneza vimeng'enya vinavyofanya kazi ndani ya sabuni. Viwanda vya ng'ambo hutumia vimeng'enya vya namna hiyo katika sabuni za unga za kuondolea madoa. Hii ni biashara kubwa. Kwa hiyo likazuka swali: tope likitoka Kenya, je, Kenya ipate nini?

Mwaka 2006 Serikali ilitoa kanuni kwamba mtu atakaye kuchukua viumbe vya nchi hii kwa uchunguzi wa urithi wao lazima apate kibali cha NEMA. Mwaka 2007 Shirika la Wanyamapori, KWS, liliafikiana na kampuni ya Novozymes ya Denmark kuhusu kugawana faida na ujuzi unaotokana na vijidudu vya hifadhi zetu. Mwaka 2014 mapatano ya mataifa yaitwayo Itifaki ya Nagoya yalianza kutumika, nayo yanasimamia jambo hilo hilo.

Basi mtu akija bondeni kwenu na chupa kuchota tope, msimfukuze, kwa maana elimu ni njema. Lakini mwulizeni kwa adabu awaonyeshe kibali chake, na chifu ajue.

NA SHAMBA LAKO JE?

Sasa tuje nyumbani. Wewe wa Sironga, nawe mwenye shamba katika skimu za Borabu na Nyansiongo, una vijidudu vitatu ambavyo yakupasa kuvitambua. Huhitaji hadubini.

Cha kwanza ni rafiki. Ng'oa polepole shina la maharagwe wakati linapochanua. Kwenye mizizi utaona vinundu. Pasua kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, vijidudu vyake vinafanya kazi ya kuchukua naitrojeni hewani na kukulishia mmea. Kikiwa cheupe au cha kijani, kazi haifanyiki vizuri. Waweza kununua vijidudu hivyo katika pakiti na kupaka mbegu. Pakiti za Biofix, kwa mfano, zilitokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Nairobi huko Kabete. Lakini soma pakiti vizuri! Vijidudu vya soya si vya ukoo mmoja na vya maharagwe. Ukinunua vya soya ukapaka maharagwe, umetupa fedha. Hapo ndipo jina linapokuwa shilingi.

Cha pili ni adui wa viazi na nyanya. Mmea unanyauka ghafula ukiwa bado wa kijani. Kata kipande cha shina karibu na udongo, ukining'inize ndani ya bilauri ya maji safi, wala usitikise. Ngoja dakika chache. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka penye jeraha, huo ni mnyauko wa bakteria. Kijidudu chake kiliitwa Bacillus mwaka 1896, baadaye Pseudomonas, na tangu 1995 kinaitwa Ralstonia solanacearum. Jina la ukoo limebadilika mara kadhaa, lakini neno la pili limebaki, nalo linataja jamii ya mimea kinayoishambulia: viazi, nyanya, biringanya, pilipili, na hata rinagu. Basi usipande rinagu au nyanya palipokufa viazi. Panda mahindi, na upate mbegu safi ya viazi. Chinsaga si wa jamii hiyo.

Cha tatu ndicho cha hatari zaidi, maana kinaua mgomba. Majani yanageuka manjano na kunyauka, ua dume linasinyaa, ndizi zinaiva kabla ya wakati, na ukizikata ndani zina madoa ya kahawia. Kata shina ungoje dakika chache. Utomvu wa manjano ukitoka, ni mnyauko wa bakteria. Usiuchanganye na ugonjwa wa Panama, ambao huletwa na kuvu. Panama nao hugeuza majani kuwa manjano, lakini hautoi utomvu ule. Ukikata shina utaona pete za rangi ya kahawia iliyoiva.

Kijidudu hiki kiliandikwa mara ya kwanza huko Uhabeshi mwaka 1968, katika ensete, mmea unaofanana na mgomba. Mwaka 2001 kilionekana Uganda, na baada ya miaka michache kikavuka kuingia Kenya ya magharibi. Kwa miaka mingi kilihesabiwa kuwa aina moja na kijidudu cha kabichi, Xanthomonas campestris. Waliposoma urithi wake waliona ni ndugu wa vile vinavyoshambulia miwa na mtama, na mwaka 2020 kikahamishwa rasmi kuwa Xanthomonas vasicola. Ukiona vitabu viwili vyataja majina mawili, usidhani ni magonjwa mawili. Ni adui yule yule.

Hakuna dawa ya kunyunyiza inayoponya mgomba ulioshikwa. Anayekuuzia dawa hiyo anakuibia. Kinga ni mikono yako mwenyewe.

MAMBO YA KUFANYA

1. Chane ya mwisho ikishatokea, vunja ua dume kwa kijiti chenye panda. Usitumie panga, maana wadudu hubeba ugonjwa kutoka uani, na panga huubeba kutoka mgomba hadi mgomba.

2. Baada ya kukata mgomba, pitisha panga motoni mpaka chuma kiwe cha moto sana. Fanya hivyo hata ukikata wa jirani. Usimwazime mtu panga chafu.

3. Usichukue machipukizi penye mgomba unaougua, hata kama ni zawadi ya ndugu.

4. Shina lililougua likate chini kabisa karibu na udongo, ulirundike hapo hapo shambani lioze. Usilipeleke kwa ng'ombe wala njiani. Chunguza shina hilo kila juma, na likitokea jingine lenye dalili, ulikate vivyo hivyo.

5. Usipojua ugonjwa, usikisie. Mwite afisa wa kilimo wa wadi yako aje aone mmea wenyewe shambani. Usitembeze majani yaliyougua sokoni na garini.

Wataalamu sita waliandika majina yao chini ya habari za kijidudu kimoja cha tope la Bogoria, nao hawakutamka jina mpaka wameuliza kila swali. Wewe nawe, mgomba mmoja ukinyauka, usisema, "Ni jua," ukaendelea na kazi nyingine. Simama. Kata, ngoja, tazama. Dakika hizo chache ndizo zitakazokuonyesha kama ni shina moja la kuondoa leo, au ni shamba zima la kulilia mwaka ujao.